Shikamoo ya Wendelin

Wendelin alikuwa na mdomo. Naanza hapo kwa sababu watu wa kivukoni wakimtaja huanza na kofia, lile pama lake la kijivu lililoliwa na mende, au huanza na viganja vyake vilivyokakamaa kwa kushika kamba za pantoni. Mimi nilikaanga samaki miaka mingi pale pale anapofungia kamba, upande wa Ifakara, na nakwambia kofia haikuwa kitu. Kitu kilikuwa mdomo. Asubuhi moto wangu haujashika vizuri, yeye ameshanizika, ameshanililia, na ameshagawa sufuria zangu kwa abiria.

Alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja bonde la Kilombero akiwa kijana, akifuata vibarua vya kukata miwa, miwa ikamshinda, akateremka Ifakara na kupata kazi kwenye pantoni. Alifunga kamba na kufungua, alipanga magari, baiskeli na magunia ya mpunga, na aliwakaripia wanaotaka kuruka kabla chombo hakijagusa nchi kavu. Hakuoa. Ukimuuliza kwa nini, alisema Wapogoro wote wa Ulanga ni wake zake na hana uwezo wa kuongeza.

Sisi tuliouza vitu ukingoni wengi wetu tulikuwa Wapogoro, watu wa upande wa Mahenge, na Mngoni na Mpogoro ni watani. Siku hizi kuna vijana wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Wapi. Utani ni kazi. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kukasirika, anakamata kuku wako na huna pa kumshtaki, na siku ukifiwa ndiye anayekuja kupasua kuni, kuteka maji, kukoroga ugali wa waombolezaji. Kaburi likiwa tayari anajitumbukiza ndani na kukataa kutoka, anamtukana marehemu, anatutukana sisi, mpaka watu waliolia tangu jana wacheke kidogo, mioyo ipate kupumua. Mimi Wendelin nilikuwa simpendi, sifichi, maana hakujua kunyamaza. Lakini kwenye misiba yetu sikuwahi kumkosa.

Mtani wake mkuu alikuwa Levina, wifi yangu, mjane wa kaka yangu. Levina aliuza vitumbua jirani na karai langu. Alimzidi Wendelin umri, tena sana, na kama si utani angestahili kuamkiwa kila asubuhi kwa adabu zote. Hakuamkiwa hata siku moja. Wendelin alikuwa anakuja na kusema, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, "Mtumwa wangu, bado unapumua?" Levina hakuinua macho kwenye vitumbua vyake. Alijibu kwamba anapumua ili amzike yeye kwanza, na kwamba ameshamtengea mkeka uliotoboka wa kumfungia. Halafu alinyoosha mkono, akamnyang'anya lile pama, akalivaa juu ya kilemba chake, na Wendelin alilazimika kumtekea ndoo ya maji ndipo alipate. Mchezo ulikuwa huo huo, miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyeuchoka isipokuwa mimi.

Mwaka ninaousema ni tisini na sita. Mwaka huo Levina hakuwa na moyo wa kuchezea kofia ya mtu.

Alijaliwa mabinti wawili. Yule mkubwa alifariki kwa uzazi. Ulikuwa msimu wa kuvuna, Levina yuko Mchombe kwenye mashamba ya kukodi, na habari zilipomfikia binti alikuwa ameshazikwa, maana barabara ya Mlimba kipindi kile ilikuwa tope tupu. Alifika akakuta udongo mbichi na msalaba. Kuanzia hapo kitu kilichomla Levina hakikuwa kifo peke yake, ni kwamba hakuwepo. Hakumshika mkono, hakumpangusa jasho, hakumwambia hata neno. Akabaki na Evelina, aliyeolewa na Anselim, fundi baiskeli wa Michenga. Na sasa Evelina alikuwa na mimba ya kwanza, amerudi kwa mama yake kujifungulia kama tunavyofanya kwetu, na Levina alikuwa na ombi moja tu duniani. Alisema hadharani, kanisani alisema, kwangu alisema mpaka masikio yakachoka: safari hii nitakuwepo.

Basi akawa halali. Mtoto wa watu akigeuka kitandani, Levina ameshakaa. Evelina akikohoa, Levina anatafuta viatu. Evelina mwenyewe alikuja kwangu akaniambia, shangazi, mama ataniua kwa kuniangalia. Kliniki walisema bado, mpaka mwisho wa mwezi wa nane, mtoto amekaa vizuri, aende akapumzike yule bibi.

Ndipo Yosefina, mwenyekiti wa jumuiya yetu, akasema Levina apelekwe kisiwani.

Kila mwaka mpunga ukishaingia ghalani, akina mama wa jumuiya tulikuwa tunakwenda kwenye kisiwa cha mchanga. Masika hakionekani, mto unakifunika chote. Maji yakishuka, mwezi wa sita hivi, kinainuka kikiwa kimeoshwa, cheupe, hakina mtu wala kibanda. Ili kufika unavuka kwa pantoni mpaka upande wa Ulanga, unapanda na ukingo kuelekea juu, unapita matete, halafu unakanyaga mkono mdogo wa mto, maji ya magotini. Mkono huo hauna tope la Kilombero. Maji yake yanatoka milimani kwetu Mahenge, maangavu, unahesabu mawe chini, kiboko hana pa kujificha wala mamba. Na ni ya baridi. Mwezi wa saba ukiweka mguu, baridi inapanda mpaka kwenye meno. Mama zetu walikuwa wanasema maji yale yanatoa uchovu wa kuvuna. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba hakuna mwanamke aliyetoka mle akiwa bado ananuna.

Levina alikataa. Yosefina akambembeleza, nikambembeleza, na mwisho Evelina mwenyewe akamfungia kanga zake kwenye kikapu na kumwambia asipokwenda, yeye ndiye atakayeondoka arudi Michenga kwa mume. Akakubali kwa shingo upande. Kurudi ni jioni ile ile, pantoni ya mwisho.

Asubuhi tulipofika kivukoni ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Wendelin alikuwa kwenye ubao wa kushukia, anapanga baiskeli za watu wa Lupiro. Alipomwona Levina na kikapu akaona siku yake imependeza.

Akawatangazia abiria kwamba huyu bibi anakwenda kuogelea uzeeni, wamtazame vizuri, maana hawatamwona tena. Levina hakujibu. Wendelin hakupenda kunyamaziwa, hilo tulilijua wote. Akasogea karibu.

"Nenda tu, mtumwa wangu," akasema. "Wewe ukigeuza mgongo, Evelina anazaa leo leo. Nitakuja mwenyewe kisiwani kukuita, na mtoto atakuwa na kichwa kama changu."

Levina akacheka. Wiki nzima hatujaona meno yake, akacheka mpaka akashika ukingo wa pantoni. Akatoa kitumbua kwenye kikapu akamrushia kifuani, akamwambia akikileta kichwa hicho kisiwani mamba watahama mto. Abiria wakaangua kicheko. Wendelin akala kitumbua, akafungua kamba, akatuvusha. Niliona ameridhika, na nitakuwa mwongo nikisema sikushukuru. Amemfungua, nikasema moyoni, mdomo wake leo umefanya la maana.

Maneno yale yalikuja kunukuliwa sana baadaye, na watu ambao hata hawakuwepo.

Kisiwa kilikuwa kimya siku hiyo kuliko kawaida. Wavuvi walikuwa wamehamia chini zaidi walikosikia kuna samaki wengi aina ya kitoga, kwa hiyo hata moshi hatukuuona. Ndege wa kwarara walikuwa wametapakaa pembeni wakichokoa mchanga, na sisi tulipofika waliondoka bila haraka. Tulitandika mikeka, tukateleka wali na kuku wa kienyeji, tukachimba mashimo ya kupozea vibuyu vya togwa kwenye mchanga wa majini. Tulikuwa na Minza mwaka huo, Msukuma, mke wa mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Alikuwa hajazoea kuwaona wanawake wazima wakikaa na nguo kwenye maji kama bata. Alikaa kwenye mkeka, akicheka chini chini kwa haya.

Levina aliingia majini kwa hatua za wizi. Maji yalipofika magotini akatoa sauti, akakaa. Akakaa hivyo, maji yanampita mabegani, macho amefumba. Nilikaa karibu naye nikitetemeka, maana mimi baridi siiwezi, nakwenda kwa sababu wenzangu wanakwenda. Baada ya muda akaniambia kwamba tangu mwanawe mkubwa afe hajawahi kusikia mwili wake mwenyewe, leo anausikia. Akasema mwakani atakuja na Evelina na mtoto, amchovye miguu. Nikamwambia tutamchovya mpaka kichwa. Akafurahi. Ile sura ninayo mpaka leo, na ni bora niwe nayo.

Tulikula, tukaimba, wengine wakalala. Jua lilikuwa limeshapinda tulipoona mtu anakimbia upande wa matete. Kofia ndiyo iliyotuambia ni nani.

Yosefina akasema huyu kweli mwendawazimu, ameacha kazi ya watu kuja kutimiza masihara yake. Wanawake wakaanza kucheka hata kabla hajafika. Levina alikuwa amerudi majini, akasimama, mikono kiunoni, akamsubiri. Wendelin aliingia kwenye ule mkono wa mto bila kupunguza mwendo, akaukata, akaja akasimama mbele yake, anahema.

Akasema Evelina anaumwa, amepelekwa hospitali, Levina aje waondoke, pantoni inasubiri.

Levina akapiga kigelegele. Akamuuliza kama mtoto ana kichwa chake. Wanawake walipasuka. Wendelin akarudia yale yale, kwa maneno yale yale, na Levina akachota maji kwa viganja viwili akamwagia usoni, akamwambia huyo Mngoni aliyetumwa na wafu aoge kwanza. Mmoja akaanzisha wimbo wa kumpokea mtoto, tena ule wa matusi, wakamzunguka, wakamwimbia, wakamdai asali na kitambaa kama wanavyodaiwa akina baba. Akajaribu mara nyingine. Kila alichosema kilikuwa kinawaongezea kicheko. Mtu amekuua kila siku kwa miaka yote hiyo, siku anakuja na taarifa atakuambia kwa sauti ipi? Hakuwa na sauti nyingine. Tulikuwa hatujawahi kumsikia nayo.

Mimi sikucheka. Mimi nilikasirika. Nilitoka majini nikamwendea, nikamwambia utani una mpaka wake, uzazi wa mtoto wa huyu mama si kitu cha kuchezea, anajua kabisa alichopitia, na kama hana haya arudi kwenye kamba zake. Alinitazama tu.

Aliyeona ni Minza. Yeye na Wendelin hawana utani, watani zake wako kwingine, kwa hiyo masikio yake hayakuwa yameharibika kama yetu. Alikuwa amesimama kwenye mkeka, kanga ameishika kifuani.

"Mwangalieni miguuni," akasema. "Huyu baba hatanii."

Tukaangalia. Wendelin alikuwa na viatu vyake vya ngozi, vile vya Jumapili alivyoanza kuvivaa kazini baada ya kupewa na dereva mmoja wa lori. Vile viatu alivifuta kwa mate. Mvua ikinyesha alivivua akavifunga shingoni. Na alikuwa ameingia navyo majini, suruali haikukunjwa, kimoja kimefunguka kamba na ulimi wake unaning'inia. Wimbo ukapungua. Wengine waliokuwa mbali waliendelea kidogo, halafu nao wakaacha.

Wendelin akavua pama lake. Kichwa kile sikuwahi kukiona wazi isipokuwa Levina ndiye amekifunua. Akaliweka mchangani, akachuchumaa mbele ya maji, mikono yake miwili pamoja.

"Mama Evelina," akasema, "shikamoo."

Hakusema lingine. Wala hakuna aliyehitaji lingine. Yosefina akakaa chini. Levina alibaki amesimama ndani ya maji yale, yanampita magotini, akimtazama, na marahaba haikutoka. Halafu akatoka, akachukua kanga kavu mkekani, akajifunga kiunoni kwa fundo la nguvu, akaanza kutembea kuelekea kwenye matete. Kikapu chake nilikibeba mimi. Pama alilibeba Wendelin mkononi.

Njia nzima hakuuliza kitu. Alikwenda kwa kasi, sisi tunamkimbilia nyuma, na kila nilipotaka kusema labda ni homa tu, labda wamemlaza kwa tahadhari, nilihamishia tu kikapu mkono mwingine. Pantoni ilikuwa inatusubiri kweli, imejaa watu na mbuzi na baiskeli, na hakuna aliyenung'unika kwamba wamecheleweshwa. Walitupisha. Hapo ndipo nilipoelewa, maana watu wa kivukoni hawapishi mtu.

Katikati ya mto Levina akageuka. Wendelin alikuwa amesimama karibu na kamba, hazishiki.

"Mtoto?" akamuuliza.

"Mzima," akasema Wendelin. "Wa kike."

Levina akaitikia kwa kichwa, akageukia tena ng'ambo. Habari za mama wa mtoto hakuuliza.

Uchungu ulimshika Evelina muda mfupi baada ya sisi kuondoka, kabla ya siku zake. Majirani walimwita Anselim, wakampakia Evelina kwenye baiskeli yake, wakamfikisha hospitali, waliompokea walifanya walichoweza, mtoto akatoka, na damu haikukata. Anselim alikuja kivukoni mwenyewe na habari. Alimwambia Wendelin ukweli wote, kisha akamwomba amwambie mama kwamba mgonjwa amezidiwa tu, asimwambie mengine huko porini. Ndivyo tunavyofanya. Hakuna anayepelekewa kifo kikavu kikavu. Wendelin alikuwa amefuata alichotumwa mpaka kikamshinda, na alipokosa njia ya kuaminiwa akatoa kitu ambacho hakuwahi kukitoa. Levina alinieleza baadaye kwamba alijua pale pale, majini. Mtu asiyewahi kukuheshimu hakuheshimu hivi hivi.

Hakulia. Tulimfikisha hospitali akamwona mwanawe, akamfunika mwenyewe, akampokea mjukuu akamkabidhi kwangu, na hakulia. Nyumbani wanawake walimlilia kwa zamu, yeye akakaa ukutani, miguu ameinyoosha, macho makavu. Nimeona misiba mingi. Mwanamke anayelia humhofii, unamhofia huyu.

Kesho yake Wendelin alifika asubuhi. Alikuja bila kofia kichwani, ameishika mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye kuni. Alipasua zote. Aliteka maji, akajaza mapipa, akaenda kusaidia kuchimba. Kazi zote za mtani alizifanya isipokuwa ile yenyewe. Hakusema neno. Watu walizoea akifika msibani anaanza kwa kumlaumu marehemu kwa kula vizuri, kwa hiyo ule ukimya wake ulikuwa kama kifo kingine. Mzee mmoja akamchokoza kidogo ili aanze. Alitikisa kichwa, akarudi kwenye shoka.

Na maneno yakaanza. Yalianzia kwenye mkeka wa wanaume, yakapita jikoni, yakarudi yamenenepa. Kwamba asubuhi ile alisema Evelina atazaa leo leo. Kwamba alisema atakuja mwenyewe kumwita mama yake. Nani alimwambia? Mdomo wake ndio ulioita. Nickolaus, baba mdogo wa Anselim, mtu mkali, akasema wazi kwamba yule Mngoni asisogee kaburini, na akibisha atatolewa. Baadhi wakasema aondoke kabisa kivukoni. Wendelin alikuwa karibu, anasikia. Hakujitetea, na mimi nilimtazama usoni nikaona kwamba yeye mwenyewe ameshaamini. Alikuwa amejihukumu kabla yao.

Nilipaswa kusema kitu. Nina mdomo na mimi, na kawaida haunipi shida. Lakini hasira yangu ilikuwa inatafuta pa kukaa, na Wendelin alikuwa mahali rahisi. Nikanyamaza nikimbembeleza kichanga, ambacho Minza alikuwa amekiletea maziwa ya ng'ombe wake na kuyachemsha mwenyewe, akikinywesha tone kwa tone.

Tulizika alasiri. Jeneza likawekwa kando ya kaburi, Apolinari, katekista wetu, akasoma, akafunga kitabu, akasubiri. Anajua desturi. Hapo ndipo mtani anapoingia. Hakuna aliyeingia. Wangoni wengine wa Ifakara walikuwa wawili watatu, nao waliogopa, wasije wakaambiwa ni wale wale. Udongo ulikuwa unamomonyoka kidogo pembeni, tunausikia. Wendelin alikuwa nyuma kabisa, nje ya mduara, kwenye shina la mkorosho, pama amelishika tumboni kwa mikono miwili. Nickolaus alikuwa amesimama mahali pa kumwona.

Levina akainuka. Nilijua anataka kujitupa kaburini, nikamkamata kanga, fundo likafunguka nikabaki nayo mkononi. Hakuelekea kaburini. Alipita katikati ya wanaume, wakampisha, Nickolaus naye akapisha, akaenda mpaka kwenye mkorosho. Wendelin alipomwona anakuja aliinamisha kichwa. Nadhani alitarajia kofi. Wengi wetu tulitarajia, na baadhi walilitamani.

Levina akanyoosha mkono akamnyang'anya pama. Akalivaa, juu ya kitambaa cha msiba, limekaa upande.

"Ile shikamoo yako ya jana sikuiitikia," akasema, na sauti ilikuwa imekauka lakini kila mtu aliisikia. "Siitaki. Ichukue. Nimebakiwa na mtu mmoja tu wa kunitukana asubuhi, na wewe unataka kuniheshimu."

Wendelin akainua kichwa.

"Mtumwa wangu," Levina akasema, "bado unapumua? Basi ingia kazini."

Akamshika mkono mwenyewe, akamleta mpaka ukingoni. Wendelin akashuka kaburini. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimekauka vibaya, vimepinda pua. Akakaa chini kabisa, magoti yamegusa kidevu. Halafu mdomo ule ukafunguka, kwa shida, sauti inakatika katikati. Alisema yeye hatoki humo. Alisema Evelina amezoea kulala pazuri, atafutiwe pengine, hapa pameshachukuliwa na Mngoni. Alisema Wapogoro ni wezi tangu zamani, na hatoki mpaka yule bibi kizee pale juu arudishe kofia yake.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akafuata, na Apolinari akaficha uso kwa kitabu, mabega yanamcheza. Anselim, ambaye tangu jana alikuwa jiwe, akatoa kicheko kibaya kama kikohozi. Levina akalishika pama kwa mikono miwili, akaliteremsha mpaka masikioni, akamwambia kofia hapati, atamzika bila kofia. Naye akacheka. Kicheko kikaendelea, kikabadilika sauti, akayumba. Nilimdaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika mtoto. Ndipo Levina akalia.